Habib na Mapengo Kumi na Moja

Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2025, ilipotimia saa kumi na mbili na nusu jioni, katika ukumbi wa Bibi Rosalba ulioko Kansanga, Kampala, walikuwa wameketi watu mia mbili na kumi na wanne. Niliwahesabu mara mbili, kwanza kwa viti na kisha kwa vichwa, na hesabu zote mbili zikakubaliana. Mtu wa mwisho katika hesabu hiyo aliketi nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki alichokiegemeza ukutani. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na koti la kahawia, na mikono ameiweka magotini kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Huyo alikuwa Habib wa Bwaise, na habari hizi ni zake.

Kazi yangu jioni ile ilikuwa kuhesabu. Bibi Rosalba alikuwa ametangaza usiku wa muziki wa filamu: bendi tatu za hapa mjini, kila moja ichague filamu yake, ipige muziki wake na ivae kama wahusika wake. Bendi itakayoshinda ingepewa Jumamosi zote za mwaka mzima ukumbini humo. Lakini Bibi Rosalba, ambaye ameusimamia ukumbi huo kwa miaka ishirini na miwili, haamini makofi. Husema kwamba makofi huletwa na shangazi na binamu, nao hupiga hata kama mpiga ngoma amelala. Alitaka kujua jambo moja tu: wakati bendi inapiga, ni watu wangapi wameinuka wakaenda zao. Itakayopoteza wachache kuliko nyingine ndiyo mshindi. Kwa kuwa nilifundisha hesabu kwa miaka thelathini na minne, na kwa kuwa sina binamu katika bendi yoyote, aliniweka mlangoni pamoja na Okot, bawabu wake. Tulikubaliana kwamba mtu atahesabiwa ametoka pale tu miguu yake yote miwili itakapokuwa imevuka kizingiti.

Habib alizaliwa mwaka 1957. Babu wa baba yake alifika Buganda kutoka pwani pamoja na misafara ya nguo na shanga, na tangu wakati huo ukoo wao haukukiacha Kiswahili nyumbani wala chuo cha Kurani uani. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo hicho. Hapo ndipo Habib alipojifunza kuitoa sauti kifuani bila kupiga kelele, akidhani kwamba ataitumia msikitini. Aliitumia katika kibanda cha video.

Kibanda hicho alikifungua Bwaise mwaka 1989: kuta za mbao, paa la mabati, mabenchi manane na runinga moja. Filamu zilitoka nchi za mbali, katika lugha ambazo hapakuwa na mtu wa Bwaise aliyezijua, na kwa hiyo kibanda kilihitaji mfasiri. Mchana Habib alifasiri kwa Kiswahili, kwa ajili ya madereva, wachuuzi na Wakongo. Jioni alifasiri kwa Luganda. Kabla ya kuionyesha filamu aliitazama mara tatu peke yake, mlango umefungwa, na mara ya nne akayaandika maneno katika daftari la mistari. Wateja walipoingia, yeye aliketi nyuma yao, kipaza sauti mkono wa kulia, na mkono wa kushoto kwenye kidude cha kupunguza sauti ya filamu. Alipotaka kusema aliishusha sauti hiyo hadi ikawa mnong'ono, alipomaliza aliipandisha. Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja kamwe: mtu anapokufa kwenye filamu, mfasiri hunyamaza. Alisema kwamba si adabu kumsemea maiti.

Kwa miaka ishirini na mitano watu wa Bwaise waliijua sauti yake bila kuujua uso wake, kwa sababu waliketi wakimpa kisogo.

Mwaka 2014 mafuriko yaliingia kibandani kwa mara ya tatu. Habib alikausha mabenchi, akatengeneza mashine, akafungua tena. Lakini wakati huo vijana walikuwa tayari wanatazama filamu kwenye simu. Katika onyesho la mwisho waliingia watu kumi na wawili. Mmoja wao aligeuka akamwambia kwamba wamechoshwa na kelele zake. Kabla ya nusu saa kupita wakawa wamebaki watatu, na wawili kati ya hao walikuwa wamelala. Habib aliimalizia filamu kwa ajili ya yule wa tatu, akafunga mlango, na tangu siku ile hakushika tena kipaza sauti. Alifungua duka la nyaya, balbu na betri, akawa mtu wa maneno machache.

Sasa nimtaje Katembo. Huyu ni mpiga gitaa, Mkongo wa upande wa Butembo, aliyeingia Kampala mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Asubuhi alibeba mizigo Bwaise, na alasiri aliingia katika kibanda cha Habib, kwa sababu hapo palikuwa mahali pekee mjini ambapo mtu alizungumza naye kwa saa mbili mfululizo kwa lugha aliyoielewa. Filamu aliyoipenda ilikuwa ile ambayo watu wa Bwaise waliipa jina la Mwenye Daraja. Ni habari ya mlinzi wa daraja la kuinuliwa, ambaye analiinua ili kuwazuia majambazi wasiingie mjini, hali ndugu yake bado yuko ng'ambo. Katembo alinunua kanda ya filamu hiyo, iliyorekodiwa kibandani na yenye sauti ya Habib ndani yake, na kwa kanda hiyo akajifunza muziki wote wa Mwenye Daraja, sauti kwa sauti. Hakuwa na mwalimu mwingine. Baadaye alipounda bendi yake ya watu sita, aliwafundisha wenzake kama alivyojifunza, na ni muziki huo walioamua kuupeleka kwa Bibi Rosalba.

Jumatano, siku tatu kabla ya shindano, walikuwa katika mazoezi. Mpiga tarumbeta wao, msichana aitwaye Aber, alikuwa mgeni katika bendi. Alizaliwa katika nyumba za polisi Nsambya, na baba yake, aliyekuwa katika bendi ya polisi, ndiye aliyemfundisha kusoma noti. Aliuliza kwa nini muziki unashuka ghafla hadi karibu kunyamaza, kisha unapanda tena, mara kumi na moja nzima. Katembo alimjibu kwamba ndivyo ulivyotungwa, na kwamba yeye binafsi humheshimu mtungaji huyo kwa kuwafundisha watu subira. Aber akampa simu yake, iliyokuwa na muziki wenyewe kama ulivyotoka huko ulikotoka. Katembo alisikiliza hadi mwisho. Muziki haukushuka hata mara moja.

"Kaka, hii si mtungaji," Aber alimwambia, akijizuia kucheka. "Hii ni mkono ya mzee wa kibanda. Wewe umejifunza mpaka mkono yake."

Wenzake walicheka hadi mpiga ngoma, Ephraïm, akaketi chini. Katembo hakucheka. Alikuwa ameupiga muziki huo katika arusi zisizopungua sitini.

Walijaribu kuupiga bila mapengo, lakini mikono ilikataa. Kila walipofika mahali pa kushuka, Ephraïm aliinua vijiti vyake kama mtu aliyeambiwa anyamaze. Katika jaribio la tatu nusu ya bendi ilishuka na nusu ikaendelea, ikawa kama mazungumzo katika chumba cha mgonjwa. Siku tatu hazikutosha kuyaziba mapengo yale. Katembo aliamua kumtafuta mwenyewe aliyeyachimba.

Yaliyotokea Alhamisi nilisimuliwa na Sundus, binti wa Habib, aliyekuwa kaunta. Katembo aliingia dukani na gitaa lake, akamwamkia mzee kwa heshima, akasema, "Papa Habib, nimekuletea kitu chako." Akapiga mwanzo wa Mwenye Daraja, na alipofika kwenye pengo la kwanza akanyamaza.

Habib alidhani anadhihakiwa. Alisema kwamba duka hufungwa saa saba kwa ajili ya sala, na kwamba kama kijana amekuja kumcheka basi afanye haraka. Katembo akamweleza habari yote. Habib alikuwa akimpimia mteja waya; akaiweka futi kando.

"Kumbe nimekuharibia muziki kwa miaka kumi na saba."

"Hapana, Papa. Wewe ndiye uliyenipa muziki huu. Huo mwingine siujui."

Akaupiga tena, mara hii hadi mwisho. Sundus alikuwa akimtazama baba yake. Katika pengo la nne aliuona mkono wake wa kushoto ukizunguka hewani, kidogo tu, kama wa mtu anayefungua kifuniko cha chupa, na midomo yake ikatikisika. Alikuwa akiyasema maneno. Daftari lilikuwa limechukuliwa na maji, lakini maneno yote alikuwa nayo.

Hata hivyo, alipoelezwa kanuni ya Bibi Rosalba alikataa. Alisema kwamba watu wakimsikia huondoka. Ameliona hilo kwa macho yake, siku ya mwisho, walipotoka tisa katika nusu saa. Ikiwa kinachohesabiwa ni wanaotoka, basi Katembo asimchukue yeye.

"Lakini yule wa tatu hakutoka wala hakulala," alisema Katembo.

Habib hakuwa amewahi kumweleza mtu yeyote habari za yule wa tatu.

"Ulijuaje?"

"Alikuwa mimi."

"Geuka," alisema Habib.

Katembo aligeuka akaukabili mlango. Habib alivaa miwani, akasogea, akakichunguza kisogo chake. Chini ya sikio la kushoto palikuwa na kovu dogo lililopinda kama mwezi mchanga.

"Kweli," alisema. "Benchi la pili, upande wa ukuta. Ulikuwa umenyoa zaidi."

Akakubali, kwa masharti mawili. Kwanza, ataketi nyuma ya watu, kwa kuwa mfasiri hana haja ya kuonekana. Pili, atakata tikiti yake mwenyewe kama mtu mwingine yeyote. Katika mazoezi ya Ijumaa Aber alimwambia, kwa upole, kwamba amesoma habari za filamu ile, na kwamba wale watu wawili si ndugu hata kidogo: mmoja ni mlinzi, mwingine ni mtoza ushuru. Habib, ambaye hakuwahi kujua neno moja la lugha ile, aliyatafakari hayo.

"Huko kwao, huenda," alijibu. "Bwaise walikuwa ndugu."

Narudi sasa mlangoni, mahali pangu. Bendi ya kwanza ilipanda jukwaani na makoti meusi na miwani ya giza, ikapiga muziki wa filamu ya kijasusi. Walipiga vizuri. Walitoka watu tisa, wakabaki mia mbili na watano. Bendi ya pili ilivaa kofia pana na viatu vya ngozi, ikapiga muziki wa filamu ya wapanda farasi. Wao hawakuwa wabaya, ila walirudia wimbo mmoja mara nne, na ilipofika saa mbili na robo manyunyu yakaanza. Wanaoishi mbali wakaanza kuifikiria barabara. Walitoka watu thelathini na mmoja, wakabaki mia moja na sabini na wanne.

Bendi ya Katembo ilianza saa tatu kasoro robo, wakiwa wamevaa kofia za makuti na mashati meupe kama watu wa kivukoni. Ili washinde hawakuwa na ruhusa ya kupoteza zaidi ya watu wanane. Wakati huo watu kumi na wanne walikuwa wamesimama karibu nami, mikoba mikononi na helmeti kichwani, wakisubiri manyunyu yapungue. Bendi ilianza kwa nyimbo mbili fupi. Watatu kati ya wale kumi na wanne wakavuka kizingiti. Nikaandika tatu.

Kisha ukaanza Mwenye Daraja. Muziki ulipanda, tarumbeta ya Aber ikiwa juu ya vyote, halafu, ghafla, ukashuka. Katika kimya kile nilimsikia Okot akiniuliza kama wamesahau. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yangu, mnene, mwenye mkoba mwekundu, aliwaambia wenzake, "Wimbo umewashinda. Twendeni." Mguu wake mmoja ulikuwa tayari nje.

Hapo ndipo Habib aliposema, kutoka nyuma, kipaza sauti mkononi, kwa ile sauti ya kifuani:

"Huyu ndiye mwenye daraja. Mtazameni vizuri, kwa sababu leo atafanya kazi ambayo hakuna atakayemshukuru."

Muziki ukapanda tena mahali pale pale ulipopaswa kupanda. Watu wengi waligeuka kumtafuta aliyesema. Kisha, mmoja mmoja, wakazielekeza tena nyuso zao jukwaani, ingawa hapakuwa na pazia la filamu wala picha yoyote, ila wanamuziki sita wenye kofia za makuti. Yule mwanamke mwenye mkoba mwekundu alibaki na mguu mmoja ndani na mmoja nje kwa muda mrefu, jambo lililonipa taabu kubwa katika kazi yangu.

"Huyu namjua," alisema hatimaye. "Ni yule wa Bwaise." Akaurudisha mguu, akauweka mkoba sakafuni.

Kuanzia pengo la tatu watu walianza kumjibu, kama walivyozoea kumjibu zamani vibandani. Mzee mmoja wa safu ya kati alisema kwa sauti kwamba ndugu yule aambiwe asivuke, majambazi wako karibu. Habib alisubiri hadi pengo lililofuata. Sauti ya gitaa iliposhuka, akasema, "Nimemwambia, bwana. Hasikii, kama wewe ulivyokuwa husikii ukiambiwa ununue tikiti." Ukumbi ukacheka, na mzee yule akacheka kuliko wote. Maneno hayo hayakuwamo katika daftari.

Barazani walikuwapo watu waliojikinga na manyunyu: madereva wa bodaboda, mwuza chapati na wauguzi wawili waliokuwa wakitoka zamu. Walianza kuchungulia, kisha wakaanza kuingia. Okot alinyoosha mkono kuwazuia, lakini Bibi Rosalba, akiwa upande wa pili wa ukumbi, alimwashiria awaache. Kanuni yetu ilihusu wanaotoka tu. Haikusema lolote juu ya wanaoingia. Hata hivyo niliwahesabu. Walikuwa kumi na tisa.

Katika pengo la kumi Habib aliwaambia watu kwamba mwenye daraja ameushika mnyororo, na kwamba ndugu yake amemwona. Halafu daraja likainuliwa. Kipande kinachofuata ni kirefu, nacho hakina pengo, kwa kuwa ndugu anakufa. Aber alikipiga karibu peke yake. Habib alikishusha kipaza sauti magotini, akainamisha kichwa, na kanuni yake ya miaka ishirini na mitano ikashikwa na ukumbi mzima bila mtu yeyote kuwaeleza. Hapakusikika kiti wala kikohozi. Niliyasikia manyunyu kwenye mabati.

Lilipofika pengo la kumi na moja, Habib alichelewa. Katembo alimtazama kutoka jukwaani, kidole kimeganda juu ya uzi. Nilidhani mzee ameishiwa. Kumbe alikuwa akiwatazama watu. Kisha akasema maneno aliyokuwa akiwaambia wateja wake kila mwisho wa onyesho, kwa miaka yote ile:

"Mliobaki, asanteni. Filamu imekwisha. Angalieni miguu yenu, nje kuna maji."

Bendi ikapiga sauti ya mwisho. Watu hawakwenda mlangoni. Waliokuwa wakitoka Bwaise, na sikujua hadi wakati ule kwamba walikuwa wengi kiasi kile, waliinuka wakavigeuza viti vyao. Wengine wakafuata. Katika muda mfupi ukumbi wote ulikuwa umelipa jukwaa kisogo na kumpa uso Habib. Hata bendi ilikuwa ikimtazama yeye. Alisimama, akakifunga kifungo cha koti, akakaa, akasimama tena. Mwanamke mwenye mkoba mwekundu alikwenda akamsalimia kwa mikono miwili, akamwambia kwamba alidhani siku zote ni mtu mrefu.

Kiongozi wa bendi ya pili alikuja kwangu kulalamika. Alidai kwamba mzee yule hakuwa mwanamuziki, kwamba alikuwa msikilizaji mwenye tikiti, na kwamba msikilizaji haruhusiwi kuisaidia bendi. Nilimwonyesha daftari langu: wametoka watatu. Bibi Rosalba alilisoma, akalitia saini yake, akamwambia Katembo aje Jumamosi ijayo saa kumi na mbili, na asimsahau mzee wake nyumbani.

Lakini kwa habari ya tikiti, yule kiongozi alikuwa amesema kweli, nami sipendi kuacha kosa katika hesabu. Nilimwendea Habib, nikamwomba tikiti yake. Aliitoa mfukoni akidhani kuna jambo baya. Niliichana mara mbili mbele yake, nikamtoa katika safu ya wasikilizaji, nikamwandika mahali panapostahili.

Hesabu ya mwisho, saa tatu na dakika thelathini na tano usiku: wasikilizaji waliobaki ukumbini, mia moja na themanini na tisa. Wanamuziki wa bendi ya Katembo, saba.